Mashine ya Ramli na Nguzo ya Mzee Shabani

Vijana wa nyaya za ardhini, mliponiaga juzi mlinipa saa ya ukutani, doti ya kanga ya mama watoto, na daftari kubwa jeusi. Daftari mkasema ni la kuandikia hekima zangu. Saa nimeitundika, kanga zimeshapindwa, hekima nimezitafuta sizioni. Nilichonacho ni jambo moja lililonishtua nikiwa kazini, na mpaka leo likinijia nasimama katikati ya chumba nimesahau nilichofuata. Nitawaandikia hilo. Mambo ya vyeo na mishahara kamuulizeni mhasibu, yeye anayapenda.

Nilikuja Dar kutoka Lindi na sanduku la bati, enzi zile kila mtu ni Ndugu na ukiona foleni unapanga kwanza, kinachouzwa utauliza baadaye. Ofisi ya simu ikanipokea, nikakabidhiwa kwa Mzee Mapunda, Mngoni wa Songea, fundi wa jointi. Siku ya kwanza sikushika chombo chochote. Aliniambia nikanawe mikono. Nikanawa. Akaishika, akaigeuzageuza, akaniambia nikanawe tena na nikaushe kwa majivu.

Kebo za wakati ule ndani yake zilikuwa na nyuzi za shaba kwa mamia, kila uzi umeviringishiwa karatasi kavu, na juu ya yote ganda la madini ya risasi. Mzee Mapunda alisema jasho la kiganja tu linatosha kuiharibu ile karatasi. "Adui yetu ni maji, Mbonde," aliniambia, "na wewe umejaa maji." Wiki nzima ya kwanza kazi yangu ilikuwa kunawa.

Jointi ni pale kebo mbili zinapoungwa. Unasokota uzi kwa uzi, jozi kwa jozi, shingo inauma, kisha unavika bomba la risasi na kuliziba kwa moto. Ukiacha tundu dogo la kupita sindano, maji yataingia. Shida ni kwamba hayaingii leo. Yanaingia baada ya miaka, umeshasahau, umeshaoa, umeshajiona fundi.

Mzee Mapunda alikuwa na desturi mbili ambazo ofisi nzima iliziiga. Ya kwanza, kila fundi alikuwa na namba yake iliyogongwa kwenye kibati cha risasi, na ukimaliza jointi unakifunga kibati ndani, humo humo kabla ya kuziba. Mimi nilikuwa namba arobaini na saba. Ya pili aliiita akiba. Kwenye shimo la jointi aliacha kebo ya ziada imejikunja, mita kadhaa, ili atakayekuja kukata na kuunga upya asikose urefu. Alisema fundi asiyeacha akiba anamchukia mtu ambaye bado hajazaliwa. Halafu unakwenda ofisini kuichora kwenye ramani: jointi hapa, akiba mita kadhaa. Hilo la kuchora ndilo lililonishinda.

Mwaka wangu wa tatu kazini mvua kubwa ilitukuta Kariakoo, kebo imekatika mbele ya nyumba ya makuti yenye mti wa mkungu uani. Mzee Mapunda alikuwa na homa, akaniachia niunge mwenyewe. Niliunga chini ya turubai, maji yanapita miguuni. Nikaacha akiba nene, mita tisa, kwa sababu nilitaka anisifie. Nikafunga kibati changu, nikaziba, nikafukia. Simu zikalia. Nilipofika ofisini kuchora, karani akaniambia karatasi za ramani zimekwisha, nirudi Jumatatu. Jumatatu sikurudi, na Jumatatu zilizofuata mnazijua.

Miaka ikapita. Mzee Mapunda akastaafu, mimi nikawa ndiye ninayewaambia wengine wakanawe. Ndipo ikaja ile mashine.

Kabla yake tulikuwa tunatafuta kasoro kwa kuchimba katikati, kupima, kisha kuchimba katikati ya nusu mbovu, hadi mtaa unabaki kama shamba la mihogo lililovamiwa na nguruwe. Mashine ililetwa na mtaalamu wa kigeni aliyekaa wiki mbili, akatufundisha, akaugua tumbo, akaondoka. Ilikuwa sanduku la chuma lenye kioo cha duara, na kwenye kioo mstari wa kijani. Unaifunga kwenye uzi wa kebo, inatuma mpigo mdogo wa umeme. Mpigo unakimbia ndani ya waya mpaka ugonge kasoro, unarudi. Mashine inapima muda wa kwenda na kurudi, wewe unapata mita. Uzi ukiwa umekatika, mstari unapanda juu. Nyuzi zikigusana, unazama chini.

Nilikwenda kumsimulia Mzee Mapunda nikidhani nitamshangaza. Akacheka. Ujana wake aliwahi kubeba mizigo bandarini, na huko aliona boti ndogo ikipima kina cha mlango wa bandari kwa sauti: inapiga mlio chini, mlio unagonga mchanga, unarudi, wanajua meli itapita au itakwama. Alisema hata yeye na wabebaji wenzake walikuwa wakipiga kofi mlangoni mwa bohari, wakasikiliza kofi linavyorudi, wakajua ndani kumejaa au kutupu bila kufungua. "Ni mwangwi tu," alisema. "Unakwambia kuna kitu, na kiko mbali kiasi gani. Kitu gani, hapo ni kichwa chako." Nilimuona mzee anaionea wivu mashine yangu.

Watu wa Kariakoo waliipa jina siku ya kwanza tu: mashine ya ramli. Waliona tunaifunga kwenye kabati la nyaya lililo kando ya barabara, tunatazama kioo, tunatembea na tepu hatua kwa hatua, tunasimama mahali, tunasema chimba hapa, na kweli kitu kinapatikana. Wanawake waliacha vyungu motoni kuja kutazama. Nami, kwa nini niwafiche, nilikipenda kile kilemba walichonivika. Nilianza kutembea taratibu zaidi ya inavyohitajika.

Basi ikafika asubuhi yenyewe. Kebo ya mtaa mmoja jirani na soko ilikufa, simu zaidi ya mia, pamoja na za zahanati na za soko. Ulikuwa wakati wa kusaka wahujumu uchumi. Mtu alikamatwa kwa mifuko miwili ya saruji, na kitu kikiharibika, swali la kwanza lilikuwa nani. Msimamizi wangu, Ndugu Festo, alikuja mwenyewe, shati la mikono mifupi limepigwa pasi, akasimama mgongoni kwangu.

Nikafunga mashine kwenye kabati la juu, mwanzo wa mtaa. Mstari ukazama. Mita mia tatu na kumi. Kanuni ni kupima pande zote mbili, kabati la juu na kabati la chini la mwisho wa mtaa, ujumlishe uone kama inalingana na urefu wa mtaa kwenye ramani. Kabati la chini kufuli lilikuwa limeshika kutu na ufunguo uko ofisini. Ndugu Festo aliniuliza kama mashine ina wasiwasi. Nikasema haina. Ni kweli haikuwa nao.

Tukatembea na tepu, umati nyuma yetu. Mia tatu ikaisha mbele ya ghorofa jipya. Mia tatu na tano. Mia tatu na kumi, tepu ikagusa nguzo ya chuma. Jamani, mwili ulinisisimka. Nguzo imepigiliwa kando ya barabara, juu kabisa ya njia ya kebo, na saruji yake bado mbichi kwa rangi. Mstari kuzama maana yake nyuzi zinagusana, na kinachozigusanisha ni maji au chuma. Chuma hicho hapo, kimesimama, kimefungwa baiskeli mbili.

Ndugu Festo akauliza, "Ya nani hii?"

Walikuwapo watu hamsini pale na hakuna aliyefungua kinywa. Mimi nilikuwa namjua mwenye nguzo. Alikuwa ananiwekea viraka kwenye tyubu za baiskeli yangu miaka yote na siku nyingine hakunitoza. Nikasema, kwa sauti ya mpiga ramli aliyefika mwisho wa kazi yake, "Ya Mzee Shabani, fundi baiskeli."

Mzee Shabani alikuwa Mzaramo wa hapo hapo, babu yake alizikwa kabla mtaa haujapewa jina. Alitoka kibarazani na tyubu mkononi, gundi vidoleni. Alieleza kwa utulivu kwamba aliipigilia nguzo mwezi uliopita kwa sababu baiskeli za wateja zinaibwa. Hakujua kuna kebo. Mjumbe wa nyumba kumi alishakwenda kuita polisi, na polisi wakati huo walikuwa hawachelewi. Walipomshika mkono alinitazama mimi, si wao.

"Mbonde, mwanangu," alisema. "Waambie."

Nikainama kukunja tepu. Niliikunja vizuri sana, kama mtu aliyelipwa kwa kukunja tepu.

Kibali cha kuchimba barabara kilipatikana kesho yake. Tulichimba kando ya nguzo, sururu kwanza, kisha kwa mikono. Nikaifikia kebo, nikaifuta kwa kitambaa. Nilishikwa na bumbuwazi. Ilikuwa nzima. Inang'aa, haina hata mkwaruzo, na ncha ya nguzo imepita pembeni yake kwa upana wa kiganja. Nikachimba kulia, nikachimba kushoto. Nzima. Nikakimbia kabatini, nikapima tena. Mita mia tatu na kumi, ile ile. Nilikaa chini pale kabatini nikahisi masikio yanavuma.

Ndugu Festo aliniita pembeni. Ripoti alikwishaipeleka, na ripoti ilisema kebo imeharibiwa kwa chuma na jina la mtu limo. Akaniambia nichimbe mpaka nione uharibifu. Alilisema hilo bila ya haya, kama anaagiza chai.

Shimoni tulikuwa na vibarua watatu, na kila baada ya muda Bi Tatu, mke wa Mzee Shabani, alituletea maji ya kunywa kwenye jagi la plastiki. Alidhani tunachimba kumsaidia mumewe. Alinishukuru. Mimi nilikunywa.

Jioni ile nilikwenda Buguruni kwa Mzee Mapunda. Nilimkuta anasuka upya kiti cha ukindu, miwani imefungwa kwa uzi. Nikamwamkia, nikamweleza yote, nikamalizia kwa kusema mashine imeharibika. Hakuacha kusuka. Aliniuliza ule mpigo wa umeme unapita wapi. Nikasema ndani ya waya. Akauliza tepu yangu inapita wapi. Nikasema barabarani. Akaniacha niyasikie majibu yangu mwenyewe.

"Wewe ulipima kebo," alisema, "ukamkamatia mzee wa watu barabarani. Kebo ikijikunja, mwangwi nao unajikunja nayo. Akiba ya pale mita ngapi?"

Nikamwambia ramani haionyeshi jointi yoyote pale. Akaniuliza mwaka ule wa mvua, yeye alipougua, niliunga wapi. Nikasema mbele ya nyumba ya makuti yenye mkungu. Akauliza nyumba ile sasa iko wapi.

Ilikwishabomolewa. Pale pale sasa liko lile ghorofa jipya, mita mia tatu na moja. Mia tatu na moja, ongeza tisa. Niliondoka bila kuaga, na mzee wangu hakunidai adabu siku hiyo.

Asubuhi nilifungua kabati la chini kwa kuvunja kufuli, nikapima upande wa pili. Jumla ya pande mbili ilizidi mtaa kwa mita tisa kamili. Tukarudi nyuma mita tisa kutoka kwenye nguzo, tukachimba mbele ya ghorofa. Akiba ilikuwepo, imejikunja kama kamba ya kisimani, kubwa, ya kijana anayetaka kusifiwa. Baada ya akiba, jointi. Nikaupasua mshono wa bomba, maji yakanimwagikia magotini, maji meusi yenye harufu ya miaka. Nyuzi zimeota kijani. Katikati ya uozo ule kibati kiko salama, hakina kutu, kinasomeka tangu mbali. Arobaini na saba.

Loo. Nimewahi kupigwa na umeme mara mbili kazini, na hakuna uliofika pale kilipofika kile kibati. Mtu aliyekuwa amelala siku ya pili mahabusu alikuwa amewekwa humo na mikono yangu mara tatu: nilipoacha tundu, niliposhindwa kurudi Jumatatu, na nilipotaja jina.

Ndugu Festo alichungulia shimoni, akakiona kibati, akaisoma namba, akanitazama. Aliteremka mpaka kwangu, yeye na shati lake, akanong'ona kwamba nikitie mfukoni. Tungesema ganda limeliwa na panya. Mzee angetoka siku yoyote, mambo haya huisha yenyewe, na mimi nina watoto. Aliniuliza kama ninataka kujulikana kama mhujumu.

Nikakitia mfukoni. Nawaandikia hivyo kwa sababu ndivyo nilivyofanya. Nikaunga upya jointi ile mpaka alasiri, jozi kwa jozi, mikono mikavu, jointi nzuri kuliko zote nilizowahi kuunga. Simu za soko zikalia. Watu wakapiga makofi. Ndugu Festo akanipa mkono.

Bi Tatu akaja na jagi lake.

"Mmeona kitu, mwanangu?" aliniuliza.

Nilipokea kikombe, nikakiweka chini bila kunywa. Nikakitoa kibati, nikamwekea kiganjani. Hajui kusoma. Nikamsomea. Nikamwambia ni namba yangu, na kosa ni langu, na mumewe hakugusa kitu. Alikitazama sana. Halafu akanirudishia na kusema, kwa upole ulionichoma, "Sasa unasubiri nini hapa?"

Kituoni niliweka kibati mezani kwa ofisa wa zamu, nikaeleza jointi, akiba, na mita tisa. Ilibidi nieleze mara mbili. Akaniuliza kwa hiyo mhujumu ni mimi. Nikajibu kwamba aliyeharibu ni mimi, jina jingine achague mwenyewe. Alicheka kidogo, akanifanya niandike maelezo kurasa nne, akakibakiza kibati kama ushahidi, akaagiza mzee aletwe. Barua ya onyo niliipata baadaye, lakini niliahidi kutozungumzia mambo ya vyeo.

Mzee Shabani alitoka ameshika kofia mkononi. Gundi ilikuwa bado vidoleni, imekauka. Nikamwamkia, shikamoo, akaitikia marahaba, maana hakuwa mtu wa kuacha salamu bila jibu. Tulitembea kwa miguu kurudi Kariakoo, tukapita Mnazi Mmoja penye watu wengi, mimi nikieleza njia nzima: mwangwi, waya, kujikunja, kabati la chini, kufuli. Nilieleza kama mtaalamu yule wa kigeni. Tulipokaribia mtaa wake akasimama.

"Hiyo mashine yako," aliniuliza. "Ilitaja jina langu?"

"Hapana, mzee. Ilitaja mita mia tatu na kumi."

"Jina langu alilitaja nani?"

Nikasema, "Mimi."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeonyeshwa tundu la tyubu ambalo alishalijua. Tukaendelea mpaka kwake. Bi Tatu alimpokea mlangoni, akamletea maji, akanywa. Kisha akachukua mtaimbo, akaenda kwenye nguzo yake, akaanza kuvunja saruji.

Nilimfuata mbio. Nikamwambia nguzo haina kosa, imepita mbali na kebo, hakuna atakayemgusa, nitaandika barua mwenyewe. Nikajaribu kumpokea mtaimbo, akauvuta upande wake.

"Najua haina kosa," alisema. "Hata juzi haikuwa nalo."

Aliing'oa mwenyewe. Ilimchukua mpaka jua linakaribia kuzama, na mimi nilisimama pale nikiwa na mikono mitupu kwa sababu hakutaka nisaidie. Tangu siku hiyo alifungia baiskeli za wateja kwenye nondo za dirisha lake la chumba, ndani wakalala gizani, dirisha halifunguki. Miaka yote iliyobaki nilipopeleka tyubu aliiwekea kiraka, akaninyooshea, na pesa yangu akaipokea yote.